Karatasi ya Dawa Iandikwe kwa Saa za Mgonjwa

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali wa kata ya Mabwerebwere, wilayani Kilosa, juu ya maelezo ambayo mgonjwa hupewa anapoanzia nyumbani tiba ya uraibu wa heroini.



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya dawa za kulevya, na bila shaka wengi wenu mmejiandaa kusikia habari za madhara yake. Madhara hayo mnayafahamu, na baadhi yenu mnayafahamu kwa uchungu kwa kuwa yameingia katika nyumba zenu. Kwa hiyo sitayarudia. Nataka tuzungumzie kitu ambacho kwa macho ni kidogo sana, nacho ni karatasi. Ninaikusudia karatasi ile ambayo mgonjwa hukabidhiwa pamoja na dawa, na ambayo akishafika nyumbani na mlango ukafungwa, ndiyo inayobaki kuwa mganga wake na muuguzi wake hadi kesho yake.

Nchi yetu ilianza kutoa tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini mwezi Februari 2011, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Zikafuata hospitali za Mwananyamala na Temeke, na baadaye huduma hiyo ikatoka Dar es Salaam ikaenda mikoani, kama vile Mbeya, Mwanza na Dodoma. Kenya walianza mwishoni mwa 2014, na Zanzibar mwaka 2015. Methadoni hutolewa bila malipo, na utaratibu ulioasisiwa Muhimbili ni kwamba mgonjwa hufika kliniki kila siku, akainywa dawa yake mbele ya mhudumu, kisha akaenda zake. Utaratibu huo una sababu. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu, na dozi ya leo hukutana na mabaki ya dozi ya jana. Mgonjwa anayeianza huanzishwa kwa kiasi kidogo na kupandishwa polepole chini ya macho ya mtaalamu, maana akiongezewa kwa haraka, au akijiongezea mwenyewe, anaweza kulala asiamke. Naomba neno hili lisikike vizuri: methadoni si dawa ya mtu kuanza peke yake nyumbani.

Lakini hebu tumfikirie kijana wa Mabwerebwere aliyekwenda mjini kutafuta maisha, akarudi na uraibu. Kliniki za namna hii zimewekwa mijini, tena katika hospitali kubwa. Ni kweli kwamba treni ya umeme iliyoanza safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 inasimama Kilosa, na ni jambo la kujivunia. Lakini hakuna mkulima awezaye kupanda treni kila siku, akanywa kikombe kimoja cha dawa, akarudi, kisha akapalilia shamba lake. Mtu huyo ama atahamia mjini, mahali pale pale ambapo unga ulimkamata, au ataacha tiba.

Iko dawa nyingine ambayo katika nchi nyingi imeondoa sehemu ya tatizo hili. Inaitwa buprenofini. Nchini Ufaransa, tangu katikati ya miaka ya 1990, madaktari wa kawaida wa mitaani waliruhusiwa kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo, na kati ya 1995 na 1999 vifo vya watu waliozidiwa na heroini vilipungua kwa kiasi cha asilimia 79. Huko Marekani, madaktari wa hospitali ya Bellevue mjini New York walieleza mwaka 2009 jinsi walivyowaanzisha wagonjwa wao tiba hiyo nyumbani: mgonjwa alielezwa, akapewa dawa na kijitabu cha maelekezo, akaenda kuianza mwenyewe, na msaada wa simu ukawapo. Mwishoni mwa 2022 sheria ya nchi hiyo iliondoa hata kile kibali maalumu ambacho daktari alipaswa kuwa nacho ndipo aiandike dawa hiyo. Mimi sisemi kwamba yafanyikayo New York yahamishiwe Kilosa kesho asubuhi. Uamuzi huo ni wa Wizara ya Afya na wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Ninachosema ni kwamba siku yoyote dawa ya namna hii itakapokabidhiwa mtu wa kijijini aende nayo nyumbani, usalama wake utategemea sana maneno ya ile karatasi, na maneno ni kazi yetu sisi tuliokaa hapa.

Ili tuelewane, nieleze kwanza dawa yenyewe inavyofanya kazi. Heroini ikiingia mwilini hukaa katika sehemu fulani za ubongo kama mtu anavyokaa juu ya kigoda. Buprenofini nayo hukaa juu ya vigoda vile vile, na ina nguvu ya kumwondoa aliyekwisha kukaa; ila yenyewe ikishakaa haileti ulevi wala haizuii pumzi kwa kiasi kile cha heroini. Hapo ndipo ulipo uzuri wake, na hapo hapo ndipo ilipo hatari ya siku ya kwanza. Mtu akiiweka mdomoni wakati vigoda vimekwisha kuachwa wazi, hupata nafuu. Akiiweka wakati heroini bado imekaa, itang'olewa yote kwa mara moja, naye atapatwa na arosto ya ghafla, kali kuliko ile aliyoizoea: kutapika, kuharisha, jasho, maumivu ya mifupa na wasiwasi usio na mfano. Mara nyingi mateso hayo si ya kumwua mtu mwenye afya, lakini humfanya aichukie dawa siku ile ile ya kwanza. Atarudi kwenye unga, na atawaambia wenzake kwamba dawa ya serikali ni sumu. Kwa hiyo yapo mambo ambayo mgonjwa hana budi kuyaelewa pasipo shaka yoyote: asubiri mpaka lini, na aitumie vipi.

Maelekezo ya Kiingereza hutaja muda wa kungoja usiopungua saa 12 tangu mtu alipotumia heroini kwa mara ya mwisho. Sasa chukua sentensi hiyo, mpe mtu aitafsiri kama tulivyozoea kutafsiri maofisini. Atakuletea hii: "Usitumie dawa kwa saa 12 kabla ya kunywa dawa." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Mwalimu anaweza kuipa alama ya vema. Lakini ina maneno matatu ambayo kila moja linaweza kumpoteza mgonjwa.

La kwanza ni dawa. Kiswahili chetu kimelipa neno hili kazi nyingi: dawa ya malaria, dawa ya kienyeji, dawa ya viatu, dawa ya mbu, na tena dawa za kulevya. Katika sentensi ile dawa imetajwa mara mbili, na kila mara ina maana tofauti. Wagonjwa wenyewe wamekwisha kulitatua tatizo hili zamani. Wao husema unga. Najua kwamba yako maofisi ambayo neno hilo litaonekana la vijiweni. Hata arosto, ambalo nimelitumia hivi punde, baadhi yenu mmelisikia kwa nyuso zilizokunjamana. Lakini unga na arosto ndiyo maneno anayoyatumia mtu huyu anapoeleza maumivu yake, na mwenye maumivu hana nafasi ya kutafakari "dalili zitokanazo na kukosekana kwa kilevi mwilini". Unga uitwe unga, na dawa ya tiba ipewe jina moja, lisibadilike toka juu ya karatasi mpaka chini.

La pili ni kunywa. Sisi hunywa maji, hunywa uji, na pia hunywa vidonge. Ukimwambia Mtanzania anywe kidonge, atatafuta maji, atakimeza. Kidonge hiki hakimezwi. Huwekwa chini ya ulimi mpaka kiyeyuke chenyewe, kwa dakika 5 hadi 10 au zaidi, na katika muda huo mtu hali, hanywi, havuti sigara. Kikimezwa, sehemu kubwa ya nguvu yake hupotea kabla haijafika inakotakiwa, na mgonjwa aliyesubiri kwa taabu usiku kucha ataona kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo kusema neno kunywa, na neno kumeza, yasionekane kabisa katika karatasi hiyo isipokuwa kwa kukatazwa. Tuseme kuweka. Weka kidonge chini ya ulimi. Usikitafune. Usikimeze. Kikiisha kuyeyuka, sukutua kwa maji, maana dawa hii imeonekana kuharibu meno ya baadhi ya watumiaji. Na mswaki usubiri kwanza kama muda wa kupika ugali na mboga, yaani saa moja hivi.

Neno la tatu, nalo ndilo lililonifanya nije na hoja hii mbele ya walimu, ni saa.

Katika lugha yetu saa ni chombo cha ukutani, ni kipimo cha muda, na ni wakati wa siku. Mtu aliyevuta unga kwa mara ya mwisho saa 4 usiku anasoma: subiri saa 12. Analala kwa taabu, anaamka alfajiri, redio inatangaza kwamba ni saa 12 kamili. Ametii. Anaweka kidonge chini ya ulimi. Hesabuni wenyewe: toka saa 4 usiku hadi saa 12 alfajiri ni muda wa saa 8 tu. Unga bado umekaa juu ya vigoda vyake. Kabla jua halijapanda vizuri mtu huyo atakuwa anagaagaa chini, na mganga aliyeandika karatasi ile atasema kwamba waraibu hawafuati maelekezo.

Msidhani kwamba hili linahusu uraibu peke yake. Dawa ya mseto ya malaria, ambayo nchi yetu ilianza kuitumia mwishoni mwa 2006, huliwa kwa dozi 6 katika siku 3, na dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya saa 8. Baada ya saa 8! Mama aliyempa mtoto dozi ya kwanza saa 4 asubuhi anaweza kabisa kuelewa kwamba ya pili ni baada ya saa 8 mchana, yaani muda wa saa 4 tu. Na ile bahasha ya vidonge iliyoandikwa 2 x 3, tena kwa kalamu ya haraka, au "viwili kutwa mara tatu"? Kutwa ni toka kucha hadi kuchwa. Wapo ambao kwa kutii Kiswahili fasaha watamaliza vidonge vyote sita kabla ya jua kuzama.

Walimu wa lugha mtaniambia: basi iandikwe "muda wa saa 12". Ni bora zaidi, lakini bado uhai wa sentensi umening'inizwa kwenye neno moja ambalo msomaji mgonjwa anaweza kuliruka. Wananchi kwa upande wao huitofautisha kwa kusema masaa: saa 12 ni wakati, masaa 12 ni muda. Sisi tumewasahihisha tangu darasa la tatu, kwamba saa haina wingi wa namna hiyo. Sipendekezi kwamba masaa yaanze kufundishwa darasani. Nataka tu tutambue kwamba watu hawakulizusha neno hilo kwa ujinga. Walikuwa na haja ambayo sarufi yetu haikuwatimizia.

Hata hivyo iko njia ambayo haihitaji ugomvi huo, na imo ndani ya saa yetu wenyewe. Muda wa saa 12 ni saa ile ile, upande wa pili wa siku. Kwa hiyo karatasi isitaje muda, itaje nyakati: "Kama umetumia unga mara ya mwisho saa 4 usiku, usiweke dawa kabla ya saa 4 asubuhi." Anayesoma hahesabu chochote. Ikiwa ametumia saa 9 usiku, atasubiri mpaka saa 9 mchana. Karatasi ichorwe jua na mwezi, na iachwe nafasi mbili tupu, moja ya saa aliyoacha na moja ya saa atakayoanza, na zijazwe kwa mkono mgonjwa akiwapo. Mjazaji ajihadhari na simu. Simu nyingi huonyesha 10:00 ambapo sisi husema saa 4, na mtu akinakili tarakimu hizo akaziita saa 10, kila kitu kitavurugika. Tena asiandike "usiku wa Jumanne". Kwa watu wengi wa hapa kwetu usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Jumanne ni ule wa kuamkia Jumanne. Kwa mwingine ni ule unaofuata Jumanne ikiisha. Kuna tofauti ya siku nzima hapo.

Nimetaja usiku mmoja kwa ajili ya heroini. Anayehama kutoka methadoni husubiri zaidi sana, siku 1 hadi 3 na pengine kupita hapo, na huyo hastahili kupewa karatasi ya jumla; mtaalamu ampangie mwenyewe.

Na saa peke yake haitoshi, kwa kuwa miili haifanani. Mwili nao uulizwe. Wataalamu wa ng'ambo wana orodha ya maswali 16 ambayo mgonjwa hujipa alama toka 0 hadi 4 kwa kila swali, kisha akajumlisha. Ni chombo kizuri cha utafiti. Lakini kumpa mtu aliye katika arosto hesabu ya kujumlisha namba 16 ni kama kumpa mtihani aliyeshikwa na homa. Mimi ningependelea karatasi iseme mambo machache yanayoonekana bila shaka: miayo inayofuatana, machozi na kamasi bila mafua, vinyweleo kusimama, tumbo kukata, miguu kutotulia. Wataalamu waamue ni mangapi kati ya hayo yatosha, nasi tuyaandike kwa maneno hayo hayo, yakiwa na picha pembeni. Na iandikwe wazi kwamba kama saa imefika lakini mwili bado umetulia, asubiri tena. Kungoja zaidi humtesa, lakini kuwahi humtesa kupita hivyo.

Dozi yenyewe siku ya kwanza ni ndogo. Kwa kawaida huanza kipande, mgonjwa akatulia kwa muda, akaongeza kipande kingine ikiwa arosto haijapoa, na kiko kiasi cha siku hiyo asichopaswa kukivuka. Mgonjwa hajui miligramu, na hana sababu ya kuzijua. Anajua nusu na kizima. Mchore kidonge, kipige mstari katikati, tia wino sehemu ya kuwekwa. Kila kipande kiwe na kisanduku cha kutia alama baada ya kukitumia, maana usiku ule mtu husahau kama ameweka kimoja au viwili. Idadi zote mganga azijaze kwa mkono. Sizitaji hapa, na naomba gazeti litakalochapa maneno haya lisizitaje, ili mtu asije akakata ukurasa akaufanya cheti cha dawa. Pombe na vidonge vya usingizi vikatazwe kwa herufi kubwa kuliko zote, kwa kuwa vikichanganywa na dawa hii ndipo pumzi huweza kukatika. Na kwa kuwa nyumba zetu nyingi hazina kabati lenye kufuli, isemwe mahali hasa: ndani ya sanduku la nguo, juu, mbali na watoto. Kipande kimoja cha mtu mzima kinaweza kumwua mtoto mdogo.

Mtaniuliza, kazi hii ni ya Kilosa au ya Wizara? Ni ya wote. Wazee waliomo humu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusoma, wakiongozwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000, wakasikiliza redio na kusoma vijitabu juu ya malaria, kichocho, safura na kuhara, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Wasomaji wengi walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Kitabu kilisomwa kwa sauti, kikajadiliwa, na sentensi isiyoeleweka ilijulikana papo hapo kwa sababu kikundi kilinyamaza.

Tunaweza kuipima karatasi hii kwa njia hiyo hiyo, bila fedha yoyote. Mpe mtu aliyemaliza darasa la saba, ambaye hajui lolote juu ya uraibu. Mpe punje ya mahindi badala ya kidonge, na saa ya mezani. Mwambie asome kwa sauti, kisha umwulize: umevuta unga saa 7 usiku, punje hii utaiweka lini, na utaiweka wapi? Akisema saa 12, au akiitupia kooni na kuomba maji, karatasi imeanguka mtihani, si yeye. Iandikwe upya, apewe mtu mwingine. Walimu kumi wakiifanya kazi hiyo katika likizo moja, Mganga Mkuu wa Wilaya atapata ushahidi ambao hakuna kamati ya ofisini inayoweza kumpa.

Yamebaki machache. Kichwa cha karatasi kisitaje uraibu wala unga. Kijana atakayepanda nayo basi hapendi jirani yake asome shingoni mwake. Nyuma iandikwe kwamba akiteleza akarudia unga, asijifiche, arudi kwa mhudumu. Na kwamba kiasi alichokizoea zamani sasa kinaweza kumwua, kwa sababu mwili uliopumzika umesahau kukivumilia. Na chini kabisa iwepo namba ya simu ya mhudumu atakayeipokea usiku, kwa kuwa arosto hukaza usiku. Namba isiyopokelewa Jumapili ni afadhali isiandikwe, na mahali pake paandikwe jina la kituo cha afya kilicho karibu, njia ya kufika huko, na saa kinapofunguliwa.